Vueni Viatu Kwanza

Haya ni maneno niliyoongea Manyatta hapa Kisumu, kwa mkutano wa chama cha wamama wa soko pamoja na vijana wa boda. Walioniomba niyaandike ni wale hawakufika, kwa hivyo nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni, pamoja na vicheko.

Haya, kabla sijasema lolote naomba kila mtu avue kiatu cha kulia. Ndio, kiatu. Na soksi pia. Najua, najua, wengine mko juu ya pikipiki tangu saa kumi na moja asubuhi na hiyo soksi ina mambo yake, lakini hapa tuko watu wa nyumbani, madirisha yako wazi, na yule atacheka mwenzake ndiye nitaanza naye.

(Walicheka karibu dakika mbili, ikabidi ningoje. Mama mmoja wa safu ya mbele alikataa kabisa, akanikazia macho akasema, "Daktari, mimi nimeacha omena yangu sokoni nikuje kusikia kansa ya ngozi, sasa mguu unaingilia wapi?")

Asante mama, umenisaidia, maana hilo swali lako ndilo lililonileta. Mguu unaingilia hapa: ile kansa ya ngozi iliyo mbaya kuliko zingine, inaitwa melanoma, kwa mzungu utaikuta mgongoni, miguuni, usoni, mahali jua limempiga. Kwetu sisi weusi ni nadra, siwatishi, lakini ikikuja mara nyingi inakaa kwa unyayo, kwa kiganja cha mkono, ama chini ya kucha. Mahali jua halifiki, na mahali hata wewe mwenyewe hufiki. Ulijiangalia unyayo lini mara ya mwisho? Si kuosha, nasema kuangalia. Mnaona sasa mnanyamaza.

Wangapi hapa wanapenda Bob Marley? Eh, swali la bure hilo kwa mji wa Kisumu. Sasa nyinyi mnaojua nyimbo zake zote, nani anajua aliuawa na nini? Nasikia mtu anasema bangi, mwingine anasema alilishwa sumu. Hapana. Mwaka wa 1977 jamaa alikuwa na kidonda kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia, na kwa sababu alikuwa mtu wa mpira sana kila mtu alijua ni mpira umemuumiza, nani angefikiria kitu ingine, mpaka ikapimwa ikaonekana ni melanoma iko chini ya ukucha. Akashauriwa kidole kikatwe, akakataa, imani yake ya Kirasta haikuruhusu, kwa hivyo wakatoa ukucha na nyama ya pale tu. Tarehe 11 Mei 1981 akafa Miami akiwa na miaka 36, na ilikuwa imeshapanda mpaka kwa ubongo. Mtu mweusi, kijana, mwenye pesa ya kuonwa na daktari yeyote duniani. Na ilianza kama kitu ambacho kijana yeyote hapa angeita "nilikanyagwa".

Lakini Marley ni wa mbali. Wacha niwaambie wa karibu.

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima upande wa Maseno, mtu wa jembe, viatu ni vya kanisa na matanga. Kulikuwa na doa jeusi kwa kisigino chake, kama punje ya maharagwe hivi. Yeye alisema ni mwiba. Jirani akasema hapana hiyo ni funza, wakaleta pini wakachokora, hakuna funza aliyetoka. Wakasema basi ni sugu, akawa anaikwangua na wembe kila Jumapili kabla ya misa. Ikaanza kutoa maji, kemisti akamuuzia tembe, ikakauka kidogo ikarudi, akaenda mahali fulani pa matibabu mara tatu, na kati ya hizo tatu mara mbili aliandikiwa dawa akiwa amevaa kiatu. Amevaa kiatu jamani! Aliulizwa shida ni nini, akasema kidonda cha mguu, kalamu ikaandika.

Sasa msinipigie makofi mkidhani mimi ndiye mwerevu kwa hii stori. Mimi nilisomea mambo ya ngozi, hiyo ndiyo kazi inanilisha. Na nilimwona huyo mzee kwenye matanga akichechemea, nikamsalimia nikamuuliza "baba, mguu vipi?" akaniambia "ni mwiba tu mwanangu, umekataa kutoka," na mimi nikaenda kupakua chakula. Sikumwambia vua kiatu nione. Ingekuwa ni mgonjwa wa kliniki ningemwambia, lakini huyu ni baba, na watu wamejaa, na mtoto utamwambiaje mzee akuonyeshe kisigino katikati ya wageni. Miezi minane baadaye binamu yangu akapiga simu anasema mzee ana mtoki kwa kinena mkubwa kama yai la kuku na hauumi. Hapo nilijua kabla hajamaliza kuongea. Mtoki wa kidonda cha kawaida unauma, huo usiouma na hauishi ndio wa kuogopa. Tulimzika mwaka uliofuata.

Kwa hivyo nikisema vueni viatu sifanyi mchezo.

Turudi kidogo nyuma maana nasikia mtu anasema kwa sauti ya chini "lakini si hii ni ugonjwa ya wazungu". Hapo kuna ukweli nusu. Rangi yetu inatoka kwa kitu kinaitwa melanini, na hizo seli zinazoitengeneza mimi na mzungu tuko nazo karibu idadi sawa, tofauti ni kwamba zangu zinafanya kazi zaidi na zinaisambaza vizuri juu ya ngozi kama mwavuli. Waliopima wanasema ngozi nyeusi peke yake inakinga kama sanskrini, yale mafuta ya kuzuia jua, ya namba 13 hivi, na ya mzungu kama 3. Kwa hivyo ndio, jua likitupiga sisi tunaumia kidogo kuliko wao, hatushindani nao, Australia huko wanalia na melanoma kuliko karibu watu wote. Lakini mwavuli unazuia mvua, hauzuii maji yanayotoka chini. Kansa yetu nyingi ya ngozi haitokani na jua, inatoka kwa mambo mengine, na kwa sababu tumeambiwa hatuwezi kuipata tunafika hospitali ikiwa imekomaa. Nadhani hiyo imani imeua wengi wetu kuliko jua.

Sasa angalieni huo mguu. Tumia tochi ya simu. Kama hauwezi kuinama, mwenzako akuangalie, ama upige picha ya unyayo, nyinyi mnajua selfi kuliko mimi.

Kuna madoa ya kahawia kwa unyayo ambayo ni ya kawaida kabisa kwa watu weusi, mengi mengi, yako miguu yote miwili, yako hapo tangu zamani. Hayo achana nayo. Mimi nataka lile moja. Lile liko peke yake, upande mmoja haufanani na upande wa pili, ukingo wake hauko laini, uko kama ramani ya ziwa na ghuba zake, rangi si moja, hapa nyeusi kabisa hapa kahawia hapa kama bluu, limepita upana wa milimita 6, yaani ile raba ya nyuma ya penseli. Na kuliko hayo yote, linabadilika. Mwaka jana lilikuwa hivi, mwaka huu liko vile. Ukisahau hayo mengine yote kumbuka hilo la kubadilika. Na lisikudanganye kwamba haliumi, mwanzoni haliumi.

Kucha sasa. Wengi wetu tukifika miaka arobaini, hamsini, tuko na mistari myeusi inatoka chini ya ukucha mpaka ncha, mimi mwenyewe niko nayo mitatu, angalia hii, na hii. Ikiwa vidole vingi viko nayo na ni myembamba, hiyo ni ngozi yetu tu. Ninayotaka kuona ni mstari kwa kidole kimoja, hasa kidole gumba cha mkono ama kile kikubwa cha mguu, mstari unaopanuka kila mwezi, ama ule weusi umeruka ukucha ukaingia mpaka kwenye ngozi ya pembeni. Huo haungoji Krismasi.

(Kijana mmoja wa boda akanionyesha ukucha mweusi tii wa kidole kikubwa, uso umembadilika. Nikamuuliza, akasema pikipiki ilimwangukia mwezi wa pili.)

Huyu amenipa mfano mzuri. Damu ikivilia chini ya ukucha inakuwa nyeusi hivi hivi, lakini damu inasafiri. Ukucha unakua, ile damu inasonga mbele pamoja nao, na nyuma unaona ukucha msafi unakuja. Ona hapa, nyuma ni msafi tayari. Kwa mguu inachukua mwaka mmoja na zaidi mpaka iishe, kwa hivyo usiwe na haraka, piga picha leo, piga nyingine baada ya mwezi, linganisha. Damu inasonga, melanoma haisongi, inabaki imeshikilia shina. Wewe nenda ukanywe chai.

Nitoke kwa melanoma, maana kusema ukweli si hiyo mnayoiona sana. Ninayoiona zaidi ni kansa inayoota kwenye kovu. Hii watu hawaijui na inanikasirisha vile hawaijui. Mtu aliungua na uji ama mafuta ya taa akiwa mtoto, kovu likabaki limekunjamana kwa mguu ama mkono, miaka ishirini, thelathini, limetulia, kisha siku moja linapasuka, linakuwa kidonda, kidonda hakiponi, kinakuwa na kingo zimeinuka kama ugali uliomwagika kwa sufuria, kinatoa harufu. Ama yule ana kidonda cha mguu cha miaka kumi, kila mtu mtaani anakijua, kinafungwa na kitambaa kila asubuhi. Daktari mmoja Mfaransa, Marjolin, aliandika kuhusu hivyo vidonda vya makovu mwaka wa 1828, kwa hivyo si jambo geni, karibu miaka mia mbili inajulikana, na bado mama anakuja kliniki ananiambia "daktari hii ni ile ya kuungua tu, imerudi". Mama, kovu la kuungua halirudi. Likifunguka lenyewe bila kugongwa, kuna kitu.

Na kipimo changu mimi ni kalenda. Sio rangi, sio harufu, sio ukubwa. Kidonda chochote, popote, ukiwa umekiosha vizuri na kukifunga vizuri na wiki nne zimeisha hakijaonyesha nia ya kupona, hicho hakihitaji tembe ingine ya kemisti, kinahitaji mtu akiangalie na akate kipande kidogo kipelekwe kupimwa. Andika tarehe kwa ukuta kama huna kalenda. Kwa sababu swali la kwanza nitakuuliza ni "imekaa muda gani" na kila mtu ananijibu "si kitambo", halafu bibi yake anasema kwa sauti ya chini "tangu kura".

Ya tatu ni hii ya ukanda wetu. Inaitwa Kaposi, jina la daktari wa Vienna aliyeiandika mwaka wa 1872, lakini ukiangalia ramani ya dunia, hapa kuzunguka ziwa letu, sisi na Uganda, ni kati ya mahali iko sana. Virusi vinavyoileta vilipatikana mwaka wa 1994, na vinapata nguvu zaidi mwili ukiwa umechoka kwa sababu ya HIV, ingawa hata kabla ya HIV wazee wa huku walikuwa wanaipata kwa miguu. Kwa ngozi yetu inakuwa madoa ama vinundu rangi ya zambarau, lile tunda lenyewe mnalokula mkichafua ulimi, ama nyeusi kabisa. Haiwashi. Haiumi mwanzoni. Inapenda mguu, mguu unavimba na kuwa mgumu kama gogo, na inapenda kaakaa, yaani juu ndani ya mdomo, kwa hivyo ukijiangalia kwa kioo fungua mdomo pia. Nitasema hii bila kuzunguka: kuna watu wanaiona na wanaificha chini ya suruali ndefu kwa sababu wanajua watu watasema nini. Na hii ndiyo moja ambayo ukianza ARV, zile dawa za HIV, mapema na kuzinywa vizuri inaweza kurudi nyuma yenyewe kwa wengine, na wale haijarudi wanaongezewa dawa za kansa. Aliyeficha mwaka mzima ndiye anakuja imeingia mapafu.

Sasa wapi wale ndugu zetu wenye ualbino, nimeona wawili huko nyuma mko karibu na ukuta, na mmekaa vizuri, mmekaa kwenye kivuli, wengine mjifunze. Kwao nitabadilisha maneno yote niliyosema kuhusu jua. Nyinyi mwavuli hamna. Na tumezaliwa mahali gani? Kisumu iko karibu juu ya ikweta kabisa, nenda Maseno utaona ile alama ya barabarani, na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kila ukipanda mita elfu moja ule mwale mbaya wa jua unaongezeka kama asilimia 10. Siku ya mawingu pia unapita, msidanganyike na ubaridi wa asubuhi. Kansa ya ngozi kwa mtu mwenye ualbino hapa kwetu inaanza mapema, mtu ana miaka ishirini na kitu, uso, masikio, shingo, midomo. Inaanza kama gamba kavu ambalo likitoka linarudi pale pale. Hilo gamba likiondolewa wakati huo ni kazi ya nusu saa.

Sanskrini ya namba 30 kwenda juu, kila baada ya saa mbili si mara moja asubuhi, kofia ya ukingo mpana si ile ya mpira inayoacha masikio nje, mikono mirefu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linatoa sanskrini bure kupitia hospitali za serikali, lazima uwe umesajiliwa, kwa hivyo jisajili. Na walimu, kama mko hapa, huyo mtoto msimsimamishe kwa gwaride juani saa sita kwa sababu ati sare ni kaptura na shati la mikono mifupi. Hiyo kaptura itamgharimu sikio.

Haya, tupumzike na kansa kidogo maana naona nyuso. Tisa kati ya kumi ya mnayoyaleta kwangu si kansa, ni haya ya kila siku, nitapita haraka.

Yale mabaka meupe meupe kifuani na mgongoni, vijana mnayo sana wakati wa joto, ni mba, ni fangasi inayopenda jasho, si sabuni mbaya na hamkuambukizwa na mpenzi. Mapunye ya kichwa kwa mtoto, krimu haitafanya kitu hata upake ndoo nzima, fangasi imeingia ndani ya unywele, anahitaji tembe za wiki sita mpaka nane, na mwambie kinyozi aoshe mashine. Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole na kwa kiuno, mnatibiwa nyumba nzima siku moja, si yule anayejikuna peke yake, na blanketi zifuliwe zianikwe. Ukurutu wa watoto hautokani na uchafu, mama anayeogesha mtoto mara nne kwa siku na sabuni kali ndiye anauzidisha. Kale kadudu kekundu na keusi kanaitwa Nairobi fly, ukikakuta shingoni usikapige, kapulize, maana ukikaponda ile sumu ndiyo inachoma na kuacha malengelenge.

Halafu baka lililopauka ambalo halina hisia. Hili msipite haraka. Chukua uzi wa pamba ama unyoya wa kuku, funga macho, mtu akuguse. Kama hapo husikii, hiyo inaweza kuwa ukoma. Nasikia mtu amesema "ngai". Ukoma unatibika, dawa ni bure, miezi sita ama kumi na miwili na umemaliza, na baada ya kuanza dawa hauambukizi mtu. Zamani watu walipelekwa Alupe kule Busia na kusahaulika, siku hizi unatibiwa ukiwa unalala kitandani kwako.

Sasa wacha nikasirike kidogo. Krimu. Ile tyubu ndogo ya shilingi mia na kitu kwa kemisti, "hii inatibu kila kitu". Ina steroidi ndani, na steroidi ni dawa nzuri kabisa kwa mkono wa mtu anayejua anapaka wapi na kwa siku ngapi, mimi naiandika kila wiki. Lakini ukipaka kwa choa, choa inanyamaza, haiwashi tena, unafurahi, na huku chini inatambaa mpaka inachukua tumbo lote, na ikifika kwangu haifanani hata na choa, hata mimi inanisumbua kuitambua. Ukipaka usoni ili uwe mweupe, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya chapati, chunusi zinafumuka, ukiacha inawaka moto, kwa hivyo unarudia. Na zile za kuchanganywa sokoni nyingine zina zebaki, na zebaki haikai usoni, inaenda kwa figo. Unaondoa ile melanini niliyosema ni mwavuli, halafu unatembea soko la Kibuye saa saba mchana. Siwahukumu wasichana, maana najua nani anawaambia wakiwa weusi hawapendezi. Wavulana hapo nyuma mmenyamaza ghafla.

(Hapa mzee mmoja aliinua mkono, fimbo kati ya magoti, akasema kwa utulivu, "Mwanangu, na ikiwa ni chira?" yaani ile laana ya kuvunja mila. Watu walitulia, hakuna aliyecheka.)

Jaduong', nashukuru umeuliza hadharani, maana wengine wangeniuliza nje karibu na gari. Mimi sikuja hapa kubishana na mila. Kama kuna jambo la nyumbani halijatengenezwa, litengenezeni, itaneni, kaeni chini, muongee. Lakini kidonda kisingoje kikao. Mnaweza kuita wazee Jumamosi na Jumatatu mkaja kliniki, hivyo viwili havigongani. Kilichomuua baba yangu mdogo si kwamba aliamini mwiba ama funza ama chira. Ni kwamba kila jina lilipewa miezi yake, mwiba miezi mitano, funza miezi mitatu, sugu mwaka, kila jina likishindwa tunaleta lingine, na lile doa lilikuwa linasikiliza tu likiendelea na kazi yake.

Swali la mwisho halafu tuangalie miguu. Mama wa omena, naona umevua. Unasema umesikia kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Hii nimeisikia kila mahali, Nakuru, Kakamega, Siaya. Ninavyoielewa inatoka wapi: mtu anakuja amechelewa, anakatwa, baada ya miezi michache anakufa, na kijiji kinahesabu kutoka siku ya kisu, hakihesabu ile miaka miwili ya nyuma. Bayopsi ni kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, unachomwa sindano ya ganzi, unashonwa uzi mmoja ama miwili, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Haisambazi. Bila hicho kipande hakuna daktari duniani, hata wa London, atakuambia kwa uhakika hiyo ni nini, na ikiwa ni melanoma hicho kipande kinatuambia imezama kina gani, na ile haijazama hata milimita moja wengi sana wanapona kwa kukatwa peke yake, hakuna mionzi, hakuna dripu. Ninachoogopa mimi ni kisu cha nyumbani. Wembe wa Jumapili. Mtu anakata mwenyewe, anatupa, inaota tena, na hakuna aliyejua ilikuwa nini.

Basi. Meza ziko mbili huko nyuma. Wamama na wazee upande wa dirisha, kuna muuguzi ana kioo cha kukuza na taa, na vijana mje kwangu. Mkiwa na kitu cha kupimwa zaidi nitawaandikia barua ya kwenda Russia, yaani hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi, na kama hujajisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, kuna dada pale mlangoni na simu atakusaidia. Usivae kiatu kwanza. Na yule ambaye ana doa ambalo hataki watu waone, kuna chumba cha watoto wa Sunday school huko pembeni, tumefunga shuka mlangoni, ingia tu uketi, nitakuja.

(Mzee wa fimbo ndiye aliingia kwanza kwa kile chumba. Alikuwa na kitu kwa kiganja cha mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, mahali fimbo inapogusa. Nilimuuliza imekaa muda gani. Akasema si kitambo. Nikangoja. Akasema, "Tangu mjukuu wangu aanze shule," na mjukuu aliyemleta, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya shuka, akajibu kutoka nje kwamba yuko darasa la nne.)